Kusikilizia na kupiga hodi

Simu ya kwanza ilitoka Mbezi Luis, saa tatu na dakika chache usiku, Desemba ya 2021. Mpigaji alikuwa mama mmoja wakala wa tiketi pale stendi ya Magufuli, mtu mzima, ambaye kwa kawaida hampigii fundi, humpigia bosi. Nilipoona jina lake kwenye kioo nikajua limeshafika pabaya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huku kwangu watu wanakatwa hela, tiketi hazitoki."

"Wote mama?"

"Siyo wote. Huyu inatoka, huyu inagoma, yule akirudia inakubali. Hebu angalieni bwana, abiria wa Moshi wamejaa hapa, watanila nyama."

Asiyejua Desemba ya Dar es Salaam na Moshi hawezi kuelewa ule usiku. Kuanzia katikati ya mwezi, Wachaga wanarudi nyumbani, na mabasi ya alfajiri yanajaa siku kadhaa kabla. Watu wananunua tiketi jioni, wakishatoka kazini na kula. Sisi tulikuwa kampuni ndogo ya programu tunayouzia makampuni ya mabasi mfumo wa tiketi: seva tatu zilizofanana, yaani kompyuta za kuhudumia wateja, mbele yao lodi balansa, yaani mgawa mzigo, anayepokea kila ombi na kuamua liende seva ipi. Kwetu kazi hiyo aliifanya Nginx, programu ya kugawa mzigo, ile ya bure, kwa zamu: ombi hili seva ya kwanza, linalofuata ya pili, linalofuata ya tatu, kisha tunaanza upya.

Sasa rudia maneno ya yule mama. Huyu inatoka, huyu inagoma, yule akirudia inakubali. Bila kujua, alikuwa ameshanitajia ugonjwa: seva moja kati ya tatu imekufa na mgawa mzigo hajui. Mimi ilinichukua karibu saa mbili kufika alipokuwa amefika yeye kwa dakika moja.

Zilinichukua saa mbili kwa sababu kila nilichopima kiliniambia kuko shwari. Nilipiga ping, ile salamu fupi ya mtandaoni, kwa seva zote, zikajibu. Nikajaribu telnet, amri ya kufungua muunganisho, kwenye poti 8080 ya kila seva, yaani mlango wa programu yetu, zote zikaunganisha papo hapo. Nikafungua tovuti yetu mwenyewe, ikafunguka. Nikaifungua tena, ikafunguka. Mara ya tatu ikazunguka tu, nikadhani ni bando langu. Nikarudia, ikafunguka. Hapo ndipo nilipopotea kabisa, maana kitu kinachokubali ukirudia kinakufanya uulaumu mtandao wa simu, uilaumu mvua, uilaumu kampuni inayotupitishia malipo, kila mtu isipokuwa seva zako.

Kilichonitoa gizani ni logi ya Nginx, yaani daftari lake la kila ombi lililopita. (Na logi yenyewe ilinichanganya kwanza: seva ziko kwenye saa za UTC, saa ya dunia iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, kwa hiyo logi inaandika 18:07, saa ya simu inasema 21:07, na mimi kichwani nahesabu saa tatu na dakika saba. Nambari tatu kwa tukio moja. Tangu siku hiyo nimekariri kwamba saa za logi ni UTC, na sijaribu tena kuwa mjanja.) Nilikuwa natafuta 502 au 504, nambari ambazo Nginx huandika seva ya nyuma ikikataa au ikichelewa. Zilikuwepo chache mno. Kilichojaa pale ni 499. Mstari baada ya mstari, 499, na kila mstari wa namna hiyo ulikuwa umeenda seva ya pili.

Nambari 499 haimo kwenye orodha rasmi ya HTTP, lugha ya mawasiliano ya tovuti. Ni ya Nginx mwenyewe, na maana yake ni kwamba mteja amekata kabla hajajibiwa. Nilipoisoma nikaona kama fumbo limefunguka, na nikaona aibu.

Ili ueleweke mkasa, lazima nieleze Nginx ile ya bure inavyojua seva ni mgonjwa. Kitaalamu huitwa ukaguzi tuli. Ofisini kwetu baadaye tuliuita kusikilizia, na sioni jina bora zaidi. Nginx haiendi kuiuliza seva hali yake. Inapitisha maombi ya wateja halafu inasikilizia: likirudi salama, seva ni nzima, likishindikana, inahesabu kosa. Usipoandika lolote, kosa moja linatosha (max_fails=1), na seva inawekwa kando kwa sekunde kumi (fail_timeout=10s). Zikiisha, inapewa ombi la mteja halisi kama jaribio. Likishindikana, kando tena sekunde kumi.

Kwa maneno mengine, kipimo ni mteja. Daktari hana kipimajoto. Anajua mgonjwa ana homa kwa sababu aliyemshika mkono ameungua. Nililijua hilo nikaliona ni la kuvumilika, maana kwa seva iliyokataa kabisa, yaani programu imezimwa na poti imefungwa, kosa linaonekana papo hapo, ombi linahamishiwa seva nyingine, na mteja hata hajui. Nimewahi kuzima seva mchana kweupe kwa kujiamini huko huko.

Lakini seva ya pili haikuwa imekataa. Ilikuwa imezimia huku imesimama. Programu yetu ilikuwa ya Java ndani ya Tomcat, programu inayoziendesha za namna hiyo, na Tomcat kwa kawaida yake ina thredi 200, yaani vibarua wa ndani, za kuhudumia wateja. Thredi zote 200 zilikuwa zimeshikwa na kazi isiyoisha (nitaisema, na mkosaji ni mimi). Muunganisho mpya ukija, unapokelewa vizuri kabisa kisha unakaa foleni, foleni isiyosogea. Ndiyo maana telnet ilifurahi. Ni kama nyumba yenye mlinzi mchangamfu getini: unagonga, anakukaribisha, anakuketisha kibarazani, anakwambia subiri mwenyeji anakuja. Mwenyeji amezimia chumbani.

Nginx nayo ikawa inasubiri kibarazani. Usipoibadilisha, husubiri jibu sekunde 60 (proxy_read_timeout) ndipo ihesabu kosa. Sasa sikiliza: programu yetu ya simu tulikuwa tumeiandika isubiri sekunde 30, halafu ikate na kumwonyesha abiria "jaribu tena". Sekunde thelathini zinaisha kabla ya sitini. Mteja anakata yeye, Nginx inaandika 499, na mteja akikata mwenyewe Nginx haihesabu kuwa ni kosa la seva. Kwa nini ihesabu? Mtu kaamua kuondoka.

Kwa hiyo ukaguzi wetu wa kusikilizia haukusikia kitu. Mara chache sana mtu wa kwenye kompyuta, mvumilivu, alisubiri dakika nzima. Hapo kosa likahesabiwa na seva ikawekwa kando kwa sekunde kumi, halafu ikarudishwa kundini. Wengine wote waliondoka kimya kimya, na kadiri walivyokosa subira ndivyo seva ilivyozidi kuonekana nzima. Sijui kama kuna kitu kimewahi kunifedhehesha zaidi katika kazi hii.

Nikaiondoa seva ya pili kwa mkono, neno moja "down" kwenye mstari wake, nikapakia upya. Simu za malalamiko zikakoma ndani ya dakika mbili. Kazi iliyobaki ilikuwa ya malipo. Abiria akishaweka namba ya siri kwenye simu yake, mfumo wa malipo hututumia taarifa kwamba fulani kalipa. Taarifa iliyoangukia seva ya pili ilikwenda na maji. Mimi na dada wa huduma kwa wateja tulikaa mpaka saa saba usiku tukilinganisha miamala na tiketi, mmoja mmoja, yeye akisoma namba nami nikitafuta. Kila tuliyempata alitumiwa tiketi na meseji ya samahani. Dada wa watu hakuniuliza kosa ni la nani, na mimi sikujitolea kusema.

Kosa lilikuwa langu. Mchana wa siku hiyo nilikuwa nimewasha kwenye seva ya pili kipande kipya cha kutuma meseji ya tiketi kupitia mtoa huduma mwingine. Anwani ya seva ile ilikuwa haijaruhusiwa kwenye faiawoli, ukuta wa ulinzi wa mtandao, ya upande wa pili, na faiawoli ile haikukataa. Ilimeza tu pakiti, vile vipande vya data, na kunyamaza. Linux, mfumo endeshi wa seva zetu, usipoiwekea kikomo, hujaribu kuunganisha kwenye anwani iliyonyamaza kwa dakika mbili na ushee kabla ya kukata tamaa. Mimi sikuweka kikomo. Kila tiketi iliyouzwa seva ya pili ikashika thredi moja kwa dakika mbili. Mchana, wateja wachache, haikuonekana. Saa tatu usiku thredi 200 zikaisha.

Marekebisho ya wiki ile yalikuwa ya haraka. Kikomo cha kusubiri kwa kila kitu kinachotoka nje ya programu. Nginx isubiri kuunganisha sekunde 2 na isubiri jibu sekunde 15, yaani chini ya zile 30 za simu ya abiria, ili Nginx ndiyo ichoke kwanza na iandike kosa. Tukaongeza pia mstari wa "zone" kwenye kundi la seva, kwa sababu bila huo kila woka wa Nginx, yaani mchakato wake mmoja wa kazi, anaweka hesabu yake mwenyewe ya makosa. Sisi tulikuwa na woka wanne, kwa hiyo kila seva mbovu ilikuwa inahitaji kuwaumiza wateja wanne ili wote wanne waelewe.

Bosi akauliza swali la haki: kwa nini ombi lililokwama lisihamishiwe tu seva nyingine? Linahamishwa, kwa yale ya kusoma. Ya POST, yaani ya kutuma taarifa, kama yale ya kulipia, Nginx tangu toleo la 1.9.13 haiyarudii yakishatumwa, maana haijui kama seva ya kwanza ilikuwa imeshaifanya kazi. Kuna neno la kulazimisha, non_idempotent. Tulilijaribu kwenye mazingira ya majaribio na katika dakika ya kwanza abiria mmoja akapewa viti viwili, 14 na 15, kwa malipo mara mbili. Tukalitoa.

Lakini hata baada ya yote hayo, bado mteja ndiye alikuwa kipimo. Nilitaka seva iulizwe hali yake na mtu mwingine asiye abiria. Huo ndio ukaguzi tendaji, ule tuliouita kupiga hodi: mgawa mzigo mwenyewe, kila baada ya muda mfupi, anaigongea kila seva na kusubiri jibu, awepo mteja asiwepo. Nginx wanao, ila kwenye toleo la kulipia. Sisi tukahamia HAProxy, programu nyingine ya kugawa mzigo, ambayo inautoa bure. Kwa kawaida yake inapiga hodi kila sekunde 2. Hodi tatu mfululizo zisipoitikiwa seva inatolewa, na mbili zikiitikiwa inarudishwa.

Nikaandika "check" mwisho wa kila mstari wa seva, nikafungua ule ukurasa wake wa takwimu, nikaona mistari mitatu ya kijani. Nikapumua. Nilikuwa karibu kufunga kompyuta.

Dogo tuliyekuwa naye kazini, kijana wa mafunzo kwa vitendo, akaniuliza, "Kaka, hiyo hodi anamgongea nani?" Nikamjibu anaigongea seva. "Ndiyo, lakini nani kwenye seva?"

Swali zuri kuliko alivyojua. "Check" tupu inafungua muunganisho wa TCP, ule wa mtandao tu kama wa telnet, basi. Ukifunguka, seva ni nzima. Yaani tulikuwa tumeajiri mtu wa kwenda kila sekunde mbili kumsalimia mlinzi wa getini. Usiku ule wa Desemba mistari yote mitatu ingekuwa ya kijani mpaka asubuhi.

Tukaongeza "option httpchk GET /afya", ili hodi iwe ombi kamili la ukurasa, linalosubiri jibu la 200 na kitu au 300 na kitu, nambari za kwamba mambo ni salama. Ukurasa wa /afya tukauandika wenyewe. Hapo ndipo mambo yalipoanza kunoga, kwa sababu kupiga hodi ni rahisi. Kujua uulize nini baada ya hodi ndiyo kazi yenyewe, na mimi nimekosea pande zote mbili.

Kosa la kwanza lilikuwa la tamaa. Nikasema, kwa kuwa tunauliza, tuulize vyote. /afya yangu ikawa inaangalia kanzidata, inaangalia nafasi ya diski, inamgongea mtoa huduma wa meseji, inaugongea na mfumo wa malipo. Nilijivuna nayo. Ilikaa vizuri miezi kadhaa. Kisha asubuhi moja mtoa huduma wa meseji akazimika, kwake huko, kwa matengenezo yake. Seva ya kwanza ikaulizwa hali, ikasema meseji haziendi. Ya pili ikasema hivyo hivyo. Ya tatu pia. Zote tatu zilikuwa nzima, zina kanzidata, zina viti vya kuuza, na abiria angeweza kabisa kununua tiketi na kuiona kwenye simu bila meseji. Lakini ndani ya sekunde sita hivi HAProxy ikazitoa zote tatu, na kila aliyefungua tovuti akakutana na maneno ya Kiingereza kwamba hakuna seva ya kumhudumia. 503 kwa nchi nzima, kwa sababu ya meseji.

Ule usiku wa Desemba, kwa ubovu wake wote, theluthi mbili ya abiria walinunua tiketi. Ukaguzi wangu wa kisasa ulinipa sifuri.

Kuna wagawa mzigo wenye kinga dhidi ya ujinga wa aina hii. Ile ya Amazon, Application Load Balancer, ikiona seva zote za kundi ni wagonjwa hurudi kuzitumia zote, kwa hoja kwamba bora kubahatisha kuliko kufunga duka. Envoy nayo, walio wazima wakipungua chini ya asilimia 50, huacha kuamini ukaguzi na kuwagawia wote. HAProxy haifanyi hivyo usipoiambia. Inakuamini. Ukisema wote wamekufa, inazika.

Nikaenda upande wa pili kwa hasira. /afya ikawa na mstari mmoja: rudisha "sawa". Haiulizi chochote. Dogo akapendekeza hata tuiweke kwenye poti yake yenyewe na thredi zake, ili isichelewe kamwe. Hilo nilikataa, na ni moja ya machache ninayojipongeza nayo: /afya isiyopita kwenye foleni ile ile ya wateja ni mlinzi wa getini kavaa tai. Thredi 200 zikijaa, nataka na /afya ikwame, ndiyo dalili yenyewe.

Basi "sawa" yetu ikadumu mpaka tulipopandisha toleo jipya na seva ya tatu ikawekewa faili la mipangilio lenye nenosiri la zamani la kanzidata. Kila ukurasa wa seva ile ukawa unatoa 500, nambari ya kosa la ndani ya seva, kasoro /afya, iliyoendelea kusema sawa kwa utulivu wa mtu aliyeshiba.

Sasa ongeza hili. Tulikuwa tumebadilisha pia namna ya kugawa: badala ya zamu, ombi jipya liende kwa seva yenye miunganisho michache kwa wakati huo, leastconn. Jambo zuri, seva iliyoelemewa inapumzishwa. Lakini seva inayokosea hukosea haraka. Kuandaa ukurasa wa viti kunachukua muda; kusema "500" kunachukua kufumba na kufumbua. Seva ya tatu ikawa kila ikitazamwa haina kazi, kwa hiyo ikapewa kazi zaidi, ikaiharibu upesi, ikaonekana tena haina kazi. Ilikuwa moja kati ya tatu lakini ilimeza zaidi ya nusu ya wateja. Kama yule mfanyakazi anayemaliza kila faili kabla ya saa nne asubuhi kwa kuandika "haijakubalika", na bosi anamrundikia mengine kwa kumsifu.

Hapo ndipo nilipoukumbuka ukaguzi wa kusikilizia niliokuwa nimeutukana. Wateja walikuwa wanapiga kelele kwa 500 mia kwa mia. Yeyote mwenye masikio angesikia. HAProxy inao uwezo huo kwa neno "observe layer7": huku ikiendelea kupiga hodi, inasikiliza pia majibu wanayopewa wateja halisi, na makosa kumi mfululizo yakifika, inachukua hatua. Tukaandika:

default-server inter 2s fall 3 rise 2 observe layer7 error-limit 10 on-error mark-down

Tukairudisha hali ile ile mbovu kwenye mazingira ya majaribio kuona. Makosa kumi, seva ya tatu ikatolewa. Vizuri. Sekunde nne baadaye ikarudi. Makosa kumi, ikatolewa. Ikarudi. Logi ikawa DOWN, UP, DOWN, UP, kama indiketa ya bajaji. Sababu ukiifikiria ni ya kuchekesha: masikio yanasema seva inakosea, yanaitoa, ikishatolewa haina mteja tena, kwa hiyo hakuna cha kusikia, iliyobaki ni hodi, hodi inaulizia /afya, /afya inasema sawa, mara mbili, karibu ndani. Wakaguzi wawili wanabishana na abiria wanalipia ubishi.

Unaweza kupandisha rise, idadi ya hodi za kuitikiwa kabla ya kurudishwa, iwe 10 ili irudi kwa kuchelewa, na tuliipandisha kidogo, lakini hiyo ni kufanya indiketa iwake polepole. Dawa ilikuwa kwenye swali. Tukakaa, mimi, dogo na bosi, na karatasi, tukaandika kila kitu ambacho programu inakitegemea, kisha kwa kila kimoja tukauliza: bila hiki tunauza tiketi? Meseji: tunauza. Barua pepe: tunauza. Ripoti za wenye mabasi: tunauza, watasubiri. Mfumo wa malipo wa kampuni fulani ya simu: tunauza, kwa kupitia kampuni nyingine. Kanzidata: hatuuzi. Diski ya seva yenyewe ikijaa: hatuuzi.

Kwa hiyo /afya ya sasa inasoma mstari mmoja wa jedwali la viti, kwa njia ile ile wanayopita wateja, na inajaribu kuandika faili dogo kwenye diski. Basi. Mengine yote yana ukurasa wao wa pembeni ambao HAProxy haiujui. Unaangaliwa na watu na unatuma taarifa kwenye simu zetu. Bosi aliuliza, kanzidata ikianguka si zote tatu zitatolewa tena? Zitatolewa, ndiyo, na hatupotezi kitu maana hakuna cha kuuza. Ila tuliibadilisha ile 503 ya Kiingereza ikawa ukurasa wa Kiswahili wenye namba ya huduma kwa wateja. Yule mama wa Mbezi aliusoma siku moja akasema angalau sasa mnatuambia.

Kimoja kilichobaki kilitushtua baadaye kidogo: seva ikitolewa, waliokwisha kuingia hawaguswi. Mgawa mzigo haongezi wapya, lakini waliokaa kibarazani wanabaki pale mpaka muda wao wa kusubiri uishe. Kuna "on-marked-down shutdown-sessions" ya kuwakatia hapo hapo ili wajaribu kwingine. Na seva ya Java ikirudi inahitaji kupashwa moto. Ukiipa theluthi nzima ya wateja sekunde ya kwanza inazimia tena, hivyo tukaweka slowstart ya sekunde 60, ianze kwa kuonja.

Mapema Desemba iliyofuata, kabla ya msimu, tulitaka kuona kwa macho. Kuzima programu si jaribio, hilo kila mkaguzi analiona. Nilitaka kile kifo cha kusimama. Linux ina amri inayofaa kabisa: kill -STOP kwa mchakato wa Tomcat. Unagandishwa ulivyo, haufi, na poti inaendelea kupokea wageni kwa sababu wanaopokelewa wanapokelewa na Linux yenyewe. Ukitaka kuuamsha unatuma kill -CONT.

Ilikuwa saa sita mchana, wateja halisi wakiwemo. Dogo alikuwa na seva ya pili kwenye kioo chake, mimi na ukurasa wa takwimu. "Gandisha," nikasema. Mstari wa seva ya pili ukabaki kijani kwa pumzi moja hivi, ukageuka njano, nikaona L7TOUT, yaani hodi haikujibiwa kwa wakati, kwenye safu ya hodi ya mwisho, halafu nyekundu. Sekunde kumi hazikufika. Kwenye logi, maombi machache yaliyokuwa ndani yalikatwa, na mengi ya hayo yakaonekana tena mara moja kwenye seva ya kwanza na ya tatu, watu wakiwa wamebonyeza upya. Tulikodoa macho kwa dakika tano nyingine. Hakuna mteja hata mmoja aliyekata kabla ya kujibiwa.

Tukatoka kwenda kula. Chipsi mayai ya mama wa kona, na stori za mpira. Tulirudi, nikaendelea na kazi zangu, na ilikuwa imeshakaribia saa kumi jioni dogo alipokuja mezani kwangu akinong'ona, uso umemshuka.

"Kaka, samahani. Ile seva ya pili sijaituma CONT."

Nikaangalia simu yangu. Hakuna aliyepiga.